Nuru za Kaskazini na Ushahidi wa Wenye Kuziona



Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024 mbingu za nchi nyingi ziligeuka rangi. Si nchi za kaskazini ya mbali peke yake, ambako jambo hilo ni la kawaida, bali hata Hispania na Mexico, ambako mtu aweza kuishi umri wake wote asilione. Pahali pengine mbingu ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, pengine kijani, pengine zambarau. Picha zake zilienea duniani kabla ya alfajiri, na simu zetu za hapa pwani hazikusalimika. Tukasikia maneno ya namna mbili. Wako waliosema kwamba hiyo ni dalili ya Kiyama, wakawatumia jamaa zao na kuwahimiza wawatumie wengine. Na wako waliocheka wakasema kwamba picha zote hizo ni za kutengenezwa kwa mashine. Makundi haya mawili yalikhitalifiana katika kila kitu ila kimoja: hapana aliyeuliza picha ile imepigwa na nani, wapi, saa ngapi, naye ameelekea upande gani.

Suali hilo ndilo tulitakalo leo. Wako watu katika nchi za baridi waliolifanya kuwa ada yao ya kila usiku, nao wengi wao si Waislamu. Tuna la kujifunza kwao, na aibu yetu ni kuwa katika jambo hilo sisi ndio tuliokuwa walimu.

Kwanza yafaa kuijua nuru yenyewe. Jua, pamoja na mwanga na joto, latoa upepo wa chembe ndogo mno zenye umeme, nao wavuma mchana na usiku. Ardhi yetu nayo ni kama sumaku kubwa, na nguvu za sumaku hiyo huukinga upepo ule na kuupotosha njia. Walakin baadhi ya chembe huongozwa na nguvu hizo hizo hadi karibu na ncha mbili za dunia, zikashuka kwa kasi na kuipiga hewa ya juu. Oksijeni ikipigwa katika urefu wa kilomita 100 hadi 150 hivi hutoa rangi ya kijani. Ikipigwa juu zaidi, kupita kilomita 200, hutoa nyekundu. Naitrojeni hutoa samawati na zambarau. Mwenye kutaka mfano na aitazame taa ya mrija iliyo dukani: ndani yake pana hewa iliyopitishiwa umeme ikang'ara, wala hapana utambi wala moto. Mwezi ule wa Mei kundi moja kubwa la madoa ya jua lilirusha mawingu kadhaa ya chembe, moja nyuma ya jingine, yakaifikia ardhi takriban kwa pamoja, na dhoruba iliyotokea ilikuwa kali kuliko zote tangu mwaka 2003. Sisi wa Mombasa, Lamu na Malindi tu karibu na mstari wa katikati ya dunia, basi asitaraji mtu kuiona nuru hiyo akiwa barazani kwake.

Wako wachao kwamba kuijua sababu kutaiondoa ile khofu njema ya kumcha Mungu. Hatuoni hivyo. Mwenye kujua jinsi mtoto anavyokua tumboni mwa mamake hapungukiwi na sababu ya kushukuru.

Nuru hizi zaaminiwa kuwa zilionwa na Muislamu mmoja zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, naye akaziandika. Ahmad ibn Fadhlan alitoka Baghdad mwaka 921 kwa amri ya Khalifa al-Muqtadir, akenda na ujumbe hadi kwa mfalme wa Wabulghari waliokaa kando ya mto Volga, akafika mwezi wa Muharram mwaka 310 wa Hijra, nao ni Mei 922. Huko aliyaona mambo yasiyoonekana Baghdad. Usiku ulikuwa mfupi hata siku moja aliketi hemani akizungumza na fundi wa nguo wa mfalme, mtu wa Baghdad kama yeye, wakingoja adhana ya Isha. Walipotoka nje wakaikuta alfajiri imeingia. Na jioni moja akaiona mbingu imewiva wekundu, na ndani yake mfano wa majeshi mawili yenye farasi na silaha, yakishambuliana na kuachana. Yeye na wenzake wakaingiwa na khofu, wakawa wanamuomba Mungu. Wenyeji wakawacheka. Alipomuuliza mfalme, akaambiwa kwamba wazee wao walisema hao ni majini, waumini na makafiri, wapiganao kila jioni.

Natutazame jinsi mtu huyu alivyoandika. Alieleza alichokiona kwa macho yake, na alichokisikia kwa masikio yake, akataja pia khofu yake wala hakuificha. Kisha maneno ya majini akayatia mahali pake, kwamba ni khabari aliyopewa na mfalme, naye mfalme ameipokea kwa wazee wake. Hakuchanganya. Kwa sababu hiyo msomaji wa leo, aijuaye ilimu ya sumaku na umeme, aweza kuisoma khabari ile na kufaidika nayo. Lau angaliandika tu kwamba ameona majini wakipigana, tungalikuwa hatuna kitu.

Sasa tuwageukie hao watu wa falaki wa ridhaa. Nasi tukisema falaki tunakusudia ilimu ya kuzitazama nyota na kuzipima, wala si ile biashara ya kupiga bao na kuandika hirizi ambayo katika miji yetu imeliiba jina hilo tukufu. Watu hawa hawalipwi. Mmoja ni dereva, mwingine mwalimu, mwingine ana duka. Mchana wafanya kazi zao, na usiku watoka katika baridi inayokausha vidole, wakasimama mashambani mbali na taa za mji, wakangoja. Usiku mwingi hawaoni kitu.

Msidhani kwamba watu kama hao ni wa jana. Heinrich Schwabe alikuwa muuza dawa katika mji wa Dessau, Ujerumani. Tangu mwaka 1826 aliyahisabu madoa ya jua kila siku jua lilipoonekana, akitafuta sayari aliyodhani iko karibu nalo. Sayari hiyo hakuipata. Walakin mwaka 1843 madaftari yake yalimwonyesha kwamba madoa yale huzidi na kupungua katika mzunguko wa miaka kumi hivi. Leo twajua kwamba ni kumi na mmoja kwa wastani, na miaka yenye madoa mengi ndiyo yenye nuru nyingi kaskazini na kusini.

Na Richard Carrington wa Uingereza, naye hakuwa mwajiriwa wa serikali wala wa chuo. Tarehe 1 Septemba 1859, kabla ya adhuhuri, alikuwa nyumbani kwake akiyachora madoa ya jua, mara akaona juu ya madoa yale miale miwili ya nuru nyeupe kali. Alifanya nini? Hakuketi kujistaajabisha. Alikimbia kumtafuta mtu aje ashuhudie pamoja naye, na alipokuwa anarejea, nayo haikutimia dakika moja, nuru ilikuwa imekwisha kufifia. Ikapotea baada ya dakika tano tangu ilipoanza. Basi akawa na ushahidi wa mtu mmoja. Lakini siku hiyo hiyo mpenda nyota mwingine, Richard Hodgson, alikuwa akilitazama jua akiwa mahali pengine, naye akaiona nuru ile ile, wala hawakuwa wameagana. Shahidi wawili, kila mmoja mahali pake, saa moja, neno moja. Haukupita usiku mbingu zikawaka hata katika visiwa vya Caribbean, na nyaya za simu za maandishi zikajaa umeme usiotoka kwa mtu, hata baadhi ya makarani wakapeleka khabari baada ya kuziondoa betri. Carrington aliliona jambo hilo la pili likifuata la kwanza, na bado hakuthubutu kukata shauri kwamba hili limeletwa na lile. Alisema kwamba mara moja haitoshi. Baadaye wataalamu walithibitisha kwamba ndivyo. Heshima yake kwetu ni kubwa zaidi kwa kungoja kwake kuliko kwa kuona kwake.

Hivi leo ushahidi huandikwa kwa kamera. Kamera husimamishwa juu ya miguu mitatu isitikisike, tundu lake likaachwa wazi kwa sekunde tano, kumi, au zaidi, ikakusanya mwanga ambao jicho haliwezi kuukusanya. Hapa pana fitina ndogo. Jicho la binadamu katika giza ni dhaifu wa kutambua rangi, hata nuru hafifu ambayo mtu aliiona kama wingu la kijivu, kamera huitoa kijani kibichi. Mpiga picha muaminifu huandika chini ya picha yake kwamba tundu lilikuwa wazi kwa sekunde kadha, na kwamba kwa macho rangi ilikuwa hafifu kuliko hivi. Asiye muaminifu huongeza rangi juu ya rangi, akanyamaza. (Na kwa kuwa tutaulizwa: khitilafu za wanavyuoni juu ya picha zahusu viumbe vyenye roho. Nuru ya mbinguni haina roho, wala hatujui mwenye kuizuia.)

Khabari tunayotaka kuikalia zaidi ni ya Kanada, katika jimbo la Alberta. Huko kuna kundi la wapiga picha wa nuru hizi, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakikipiga picha kitu ambacho hakikufanana na vingine: utepe mwembamba wa zambarau, umekwenda kutoka mashariki hadi magharibi, upande wa kusini wa nuru zilizozoeleka, na mara nyingine chini yake pana mistari ya kijani kama ua wa miti. Walikuwa wamekipa jina la kitaalamu, wakakiita upinde wa protoni. Mwaka 2016 walikutana Calgary na wataalamu, miongoni mwao Eric Donovan wa Chuo Kikuu cha Calgary na Elizabeth MacDonald wa shirika la anga la Marekani, NASA. Donovan alipoziona picha zao aliwaambia kwamba hicho si nuru ya protoni, kwa kuwa nuru ya protoni ni hafifu na imetandaa, jicho haliioni namna ile.

Hapo palikuwa mahali pa ugomvi. Mtaalamu angaliweza kusema: nyinyi ni watu wa mitaani, hamna shahada, nendeni zenu. Nao wangaliweza kusema: sisi ndio tunaokesha nje, wewe u ofisini kwako, watuambia nini? Hayo hayakuwa. Watu wa mitaani waliliacha jina lao walipoonyeshwa kwamba si la haki. Na mtaalamu alikiri kwamba kitu wakionacho kipo, na kwamba yeye hakijui. Wakakubaliana kukiita Steve, jina la mtu kama tusemavyo sisi Juma au Athmani, lililotokana na filamu ya watoto ambamo wanyama waliona kitu wasichokijua wakakiita hivyo kupunguza khofu. Tulipolisikia tulicheka. Kisha tukafikiri kwamba jina lisilodai kitu ni afadhali kuliko jina linalodai uongo, na hapa kwetu tuna mangapi tuliyokwisha kuyapa majina makubwa kabla ya kuyajua!

Kwa kuwa kila picha ilikuwa na tarehe, saa na mahali pake, wataalamu waliweza kutafuta ikiwa setilaiti yoyote ilipita katika utepe ule. Wakaipata, moja ya zile ziitwazo Swarm, za shirika la anga la Ulaya. Vipimo vyake vilionyesha kwamba katika urefu wa kilomita 300 joto lilipanda kwa daraja 3,000, na kwamba ndani ya utepe wenye upana wa kilomita 25 chembe zilikuwa zikikimbia kuelekea magharibi kwa mwendo wa kilomita 6 kila sekunde. Setilaiti ilikwisha kuyapima mambo hayo, lakini hapana aliyejua kwamba yaonekana kwa macho kama utepe wa zambarau. Risala ya utafiti huo ilitolewa Machi 2018, na baadhi ya wapiga picha wale waliandikwa miongoni mwa watungaji wake. Mwaka huo huo utafiti mwingine ukaonyesha kwamba utepe huo hautokani na chembe zinazoshuka kama zile za nuru za kaskazini tuzijuazo. Basi wale wasio na shahada walikuwa wamekionyesha kitu kisichokuwa katika vitabu.

Finland nako likatokea mfano wake. Minna Palmroth wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa akiwasaidia wapenda nuru hizi kutunga kitabu cha kuzitambua kwa sura zao. Katika picha walizozikusanya palikuwa na sura moja isiyoingia katika fungu lolote: mistari ya kijani iliyolala sambamba kama mawimbi ya mchanga ufukoni. Ikawekwa kando. Mwezi wa Oktoba 2018, kitabu kimekwisha kutoka, wale watu waliiona tena, wakamwambia saa ile ile. Ikapigwa picha kwa wakati mmoja na watu waliokuwa katika miji miwili, Laitila na Ruovesi. Kwa kuzilinganisha nyota zilizokuwa nyuma ya mistari ile katika picha zote mbili, ilihisabiwa kwamba iko juu kiasi cha kilomita 100, katika tabaka la hewa ambalo ni juu mno kwa maputo na chini mno kwa setilaiti, na ndiyo maana khabari zake ni chache. Matokeo yalitolewa Januari 2020. Ingalikuwa picha moja tu, hisabu hiyo isingaliwezekana.

Ndugu zetu, mambo haya kwetu si mageni. Bukhari na Muslim na wenzao waliifanya kazi gani, ila kumuuliza kila mwenye kusimulia: umeisikia kwa nani, naye kwa nani, mlikutana wapi, na je, wako wengine waliosimulia kwa njia isiyokuwa yako? Walisafiri miezi kwa ajili ya hadithi moja. Mtu mchamungu mwenye kusali usiku kucha aliweza kukataliwa riwaya yake kwa kuwa hafidhi yake ni mbovu, na mtu asiyejulikana kwa mali wala nasaba akakubaliwa kwa kuwa ni mkweli na mwangalifu. Hiyo ndiyo mizani iliyotumika Calgary na Helsinki, ijapokuwa wenyewe hawakuijua asili yake kwetu. Nasi watoto wa mizani hiyo twapokea simu ina picha ya mbingu nyekundu, haina jina, haina mahali, haina saa, twaituma kwa watu hamsini na kudhani tumefanya daawa. Katika Surat al-Hujurat tumeamrishwa kuichunguza khabari kabla ya kuifanyia kazi. Hatukusoma kwamba amri hiyo huondoka khabari ikiwa ya kutisha, au ikiwa yaelekea kumrejesha mtu msikitini.

Wako watakaosema: lakini ikiwa yamfanya mtu atubu, ubaya uko wapi? Jawabu yao iko katika jambo alilolifanya Mtume mwenyewe. Ibrahim, mwanawe, alipofariki Madina, siku hiyo jua lilipatwa, na watu wakaanza kusema kwamba limepatwa kwa msiba ule. Angalinyamaza, imani yao ingezidi, na heshima ya nyumba yake ingezidi. Naye alikuwa katika huzuni ya mtoto. Hakunyamaza. Alikanusha mbele ya watu wote kwamba kupatwa kwa jua kuna uhusiano na kifo cha mtu yeyote, akawaelekeza kwenye sala na dua. Aliikataa alama ya uongo iliyokuwa ikimtukuza yeye, siku aliyoihitajia faraja kuliko siku zote. Sasa sisi ni nani hata tukubali uongo kwa kuisaidia dini yake?

Kwa mnasaba huo tuseme machache juu ya mwezi mwandamo, kwa kuwa nuru za kaskazini hatutaziona lakini mwezi twautazama kila mwaka, na kila mwaka twagombana. Dini yetu haikuutaka ushahidi huu kwa wakubwa peke yao. Abdallah bin Umar alisimulia kwamba watu waliutafuta mwezi, naye akamwambia Mtume kwamba ameuona, basi Mtume akafunga na akawaamrisha watu wafunge. Mvuvi na mchukuzi wa bandarini neno lao ni neno, wakiwa wameona. Lakini mara nyingi twaletewa khabari kwamba "umeonekana", na tukiuliza umeonwa na nani twaambiwa na mtu aliyepigiwa simu na mtu.

Basi jioni ya siku ya 29 ya Shaabani, mwenye kutaka kuutafuta asiende ufukoni akaikabili bahari, kwani bahari yetu iko mashariki. Na apande mahali palipo wazi upande wa bara, ajue jua limezama nyuma ya mti gani au mnara gani. Akiuona mwezi, kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, na aandike kwa mkono wake: saa na dakika, mahali aliposimama, mwezi ulikuwa kulia au kushoto kwa pale jua lilipozama, na juu yake kwa kiasi gani, vidole vingapi vya mkono ulionyoshwa, pembe zake zilielekea wapi, maana upande wenye nuru daima huelekea kwenye jua, na mwenye kusema kinyume cha hivyo hakuuona, ulikaa muda gani, na ni nani aliyekuwa pamoja naye akauona kwa macho yake. Akiwa na simu yenye kamera, aipige picha pamoja na paa la nyumba au mnazi ndani yake, upate kupimika. Kisha na aipeleke karatasi hiyo kwa kadhi, aende yeye mwenyewe, na kila mwenzake aliyeuona aende na karatasi yake.